Kalemie imekaa namna gani: maneno ya waliotumwa kuona bandari

(Maneno haya yalisemwa Kamina, mbele ya mkutano wa wanachama wote. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili waliotaka kujua pesa ya safari ilifanya kazi gani.)



Mlitutuma Kalemie na swali moja. Sanduku la chama litoe franka tununue lupango karibu na bandari, tujenge depo yetu ya samaki na ya mizigo, ao hapana? Tulienda watu wanne, wawili wa komite na wawili wa shirika linalotembea nanyi. Tumerudi na jibu, lakini hatuwezi kulisema kwa neno moja, ju ya jibu lenyewe liko ndani ya namna ule mji umekaa. Mwanachama mmoja alituuliza pale gare, siku tuliyorudi, kwa nini tulipoteza siku mbili kuangalia mto na vilima badala ya kuuliza bei. Bei tuliuliza siku ya kwanza kabisa. Bei njo ilitupeleka kwenye mto.

Tulionyeshwa malupango matatu. La kwanza liko juu, kwenye mteremko, mbali kidogo na bandari. La pili liko katikati ya soko na barabara. La tatu liko chini kabisa, tambarare, mchanga safi, kutembea dakika chache unafika mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Kila mmoja wetu alidhani la tatu njo litakuwa ghali. Sivyo. Lilikuwa la bei ya chini kuliko yote, na mwenye kuuza alikuwa na haraka. Sisi watu wa Kamina tunajua kwamba lupango la karibu na gare haliuzwi rahisi. Kwa nini la karibu na bandari liuzwe rahisi? Hapo tuliacha kuuliza bei tukaanza kuuliza historia.

Wengi wenu mmepita Kalemie ao Moba mkitoka ukimbizini. Waliokuwa Zambia, Mwange kule Mporokoso na Kala kule Kawambwa, walipandia masua Mpulungu kuanzia 2007. Waliokuwa Lugufu na Nyarugusu walipandia Kigoma. Lakini kupita si kuona. Mtu aliyeshuka na watoto, magodoro na sufuria, akaandikishwa, akapewa chakula cha njiani, hakuwa na nafasi ya kuuliza mto unatoka wapi. Sisi tulipata nafasi hiyo, njo maana tunawaletea.

Tuanze na njia ya reli, ju inaonyesha mengi. Kutoka hapa Kamina mpaka Kabalo ni karibu kilomita 446. Kutoka Kabalo mpaka Kalemie ni 273. Jumla ni zaidi ya kilomita 700, na safari ile inahesabiwa kwa siku, si kwa saa. Mwenye kuchukua samaki mabichi asifikirie treni. Lakini jambo tuliloliona ni hili: kutoka Kamina mpaka Kabalo mnashuka, kwa kuwa sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,000, na Lualaba iko chini sana. Kiisha, kutoka Kabalo, treni inaanza kupanda polepole, inapita Nyunzu na Niemba, ikifuata bonde la mto Lukuga. Maji ya mto yanakuja, ninyi mnaenda. Ziwa liko juu ya Lualaba! Kijana mmoja wa kwetu alibisha, akasema ziwa ni mahali maji yanakusanyika, haliwezi kuwa juu ya mto. Alinyamaza alipoona maji ya Lukuga yanakimbia kuelekea tulikotoka.

Na maji hayo hayapotei. Lukuga inaingia Lualaba karibu na Kabalo. Lualaba yenyewe imetoka kwetu, imepita Bukama, imepita Malemba-Nkulu na Ziwa Kisale. Kwa hiyo maji ya Haut-Lomami na maji ya Kalemie yanakutana kule, na yanaenda pamoja mpaka Banana, kwenye bahari ya Atlantiki. Kalemie si nchi ya mbali na sisi. Ni mlango wa pili wa nyumba moja.

Sasa Lukuga. Ukitazama ukingo wa ziwa upande wa Kongo, ni vilima na milima mitupu. Upande wa kusini, kuelekea Moba, kuna milima ya Marungu. Upande wa kaskazini, ukipita Kabimba wanakotengeneza simenti, milima inaendelea kuelekea Fizi. Pale Kalemie tu ukuta umekatika, na pale ulipokatika njo Lukuga inatokea. Reli ilipita hapo ju hapakuwa na mahali pengine pepesi. Bandari ikajengwa hapo ju reli ilifika hapo. Mji ukakua hapo ju ya bandari. Kila kitu cha Kalemie kimetoka kwenye lile tundu moja la ukuta.

Na mafuriko pia.

Tulieleze hili vizuri, ju watu wengi tuliozungumza nao walituambia ni uchawi, ao ni kampuni fulani imeziba mto. Ziwa Tanganyika ni refu karibu kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Katika ziwa zote za dunia, moja tu linalipita kwa kina, lile la Baikal kule Urusi. Linapokea mito mingi: Ruzizi inayotoka Ziwa Kivu, Malagarasi inayotoka Tanzania, na mito midogo ya Burundi, ya Zambia na ya kwetu. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja, Lukuga peke yake, na mlango huo ni mdogo. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia haipiti mlangoni kabisa. Jua inayanyonya, yanapanda hewani. Kila mama anayefua atatuelewa. Chukua beseni kubwa sana, toboa tundu dogo karibu na mdomo. Ukimwaga maji kidogo kidogo, tundu linatosha. Ukimwaga ndoo juu ya ndoo, beseni litajaa kupita tundu, na litakaa limejaa siku nyingi. Mvua ikizidi miaka miwili, mitatu mfululizo, ziwa linafanya vile. Na mvua ikiisha, ziwa haliishi kesho yake. Linachukua miaka kushuka.

Tena tundu lenyewe linaweza kuziba. Hapa historia inasaidia kuliko maneno yetu. Mzungu Cameron alifika pale 1874, akaiona Lukuga, akasema ziwa linatokea hapa. Miaka miwili baadaye, 1876, Stanley akafika palepale, akakuta mafunjo na udongo vimejaa, maji hayaendi mahali, akasema mto haujaanza bado. Watu wa mwambao wakati ule waliona ziwa linapanda kila mwaka na kumeza mashamba. Mwaka 1878 kizuizi kilipasuka. Hore alipofika 1879, na Thomson nyuma yake, waliukuta mto unakimbia kwa nguvu. Miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10.

Mtu wa Haut-Lomami hahitaji kufundishwa mafunjo yanaweza nini. Mwenye ndugu Kisale ameona visiwa vya mafunjo vinavyoelea, vinasogea, vinafunga njia ya mitumbwi usiku mmoja. Lukuga ilifungwa vile, lakini nyuma yake kulikuwa na ziwa zima.

Mita 10! Ziwa lilipoteremka vile, liliacha mchanga tambarare pembeni yake. Ule mchanga safi wa lupango la tatu, mliokuwa mnautamani kwenye picha ya simu, wakati wa Stanley ulikuwa chini ya maji.

Mwenye kuuza alituambia hayo ni mambo ya zamani. Tukaenda kwa wazee. Mvuvi mmoja mzee sana alikumbuka mvua kubwa za miaka ya kwanza ya uhuru, ziwa lilipopanda mpaka 1964, watu wakahama. Kiisha likashuka, watu wakasahau, watoto wao wakajenga. Kuanzia 2020 likaanza kupanda tena. Mwaka 2024 maji yaliingia ndani ya nyumba Uvira, yaliingia Bujumbura mpaka bandarini, yaliingia Kalemie. Tulitembea mtaa mmoja wa chini pamoja na mama mmoja muuza samaki. Kwenye ukuta wa nyumba yake kuna mstari wa rangi ya udongo, unapita juu ya kitasa cha mlango. Alituuliza sisi ni watu gani, tukamwambia tunatoka katika chama cha waliorudi. Akacheka kidogo, akasema: "Na mayi vilevile. Ilirudia kwake, sawa ninyi."

Tangu siku ile hatujaweza kumtoa mama yule kichwani.

Hatusemi ziwa litapanda mwaka kesho. Tunasema limepanda wakati wa babu zetu, wakati wa wazazi wetu na wakati wetu, na kila mara katikati yake kuna miaka ya kutosha mtu kuzaa, kujenga na kusahau. Pesa ya chama ni ya wajane, ni ya likelemba ya bamama wa soko, ni ya wafadhili walioamini neno letu. Haiwezi kukaa juu ya mchanga wa namna hiyo.

Kuna jambo lingine la ardhi ile. Ziwa liko katika bonde kubwa la ufa, mahali udongo wa Afrika unaachana polepole. Tarehe 5 Desemba 2005 dunia ilitetemeka pale, nguvu ya 6.8; nyumba zilianguka Kalemie na watu walikufa. Kwa hiyo hata lupango la juu, likijengwa, halitajengwa kwa matofali ya udongo yaliyopangwa haraka na manjanja mazito juu. Fundi wa Kalemie alituambia ukuta mfupi, msingi wa mawe, na mkanda wa beto kuzunguka juu ya ukuta. Ni ghali zaidi kuliko hesabu tuliyoifanya hapa Kamina. Afadhali mjue mapema.

Sasa bandari yenyewe, ju wengine mtasema: kama ni hatari vile, tuache Kalemie. Hapana. Ukielewa kwa nini ile bandari ipo, utaona kwa nini hatuwezi kuiacha.

Ng'ambo ya maji iko Kigoma, na karibu yake Ujiji. Kabla ya reli yoyote, misafara ya wafanyabiashara ilitoka pwani ya bahari ya Hindi mpaka Ujiji, ikavuka ziwa kuja huku. Kiswahili kilivuka na misafara hiyo. Pembe za ndovu zilivuka kwenda kule, na watu wa upande wetu pia, wamefungwa shingo, wakiuzwa. Jambo hili linasemwa kidogo sana mashuleni. Mwaka 1891 kapteni Jacques, Mbelgiji, alijenga boma katika mwambao ule, akaliita Albertville, akisema amekuja kuwapiga wauza watumwa. Nyuma ya boma ikaja koloni yote. Jina la Kalemie lilikuja baada ya uhuru.

Mwaka 1914 Wadachi walifikisha reli yao Kigoma kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1915 Wabelgiji walifikisha yao Albertville kutoka Kabalo. Reli mbili zikatazamana, maji katikati, na vita ya kwanza ya dunia imeanza. Hapa watu wa Bukama wasikilize. Waingereza walileta masua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town. Zilipanda treni mpaka Fungurume, kiisha zikavutwa na mashine za mvuke, na ng'ombe, na mikono ya watu wetu, kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Kutoka hapo zikaenda Bukama, zikateremka Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni tena mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 walikamata masua ya Wadachi, Kingani, na Februari 1916 wakazamisha nyingine. Masua kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wadachi wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isichukuliwe. Ilitolewa chini ya maji 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo, Liemba ileile mnayoijua. Katika vitabu vya vita ile utasoma majina ya maofisa. Ya waliokata miti na kuvuta kamba kutoka Fungurume hutayasoma.

Baada ya vita, kwa mkataba wa 1921, Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu yao ndani ya bandari za Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo ipite. Na sisi Kamina, tuliokuwa tayari kwenye reli ya kwenda Ilebo, tuliunganishwa na Kabalo 1956 tu. Ule mwaka njo Kalemie na Kamina zikawa majirani.

Kwa hiyo mahali pale panashika pande mbili: maji ya kwenda Kigoma na Dar es Salaam, na reli ya kuja kwetu. Hakuna lupango la Kamina linaloweza kutupa hayo.

Biashara sasa. Ndagala, zile ambazo waliotoka Zambia wanaita kapenta, zinavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mzima na mweupe, samaki hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, bei inapanda. Mwezi ukifa, samaki wanajaa, bei inashuka. Bamama wetu walikuwa wananunua siku yoyote treni inapofika. Mwenye depo ananunua giza, anakausha, anaweka. Faida ya depo iko hapo, si katika ukaribu wa maji. Tena kuna mapatano ya nchi nne za ziwa ya kufunga uvuvi kwa muda kila mwaka. Tanzania ilifunga 2024 kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Wakati wa kufunga, asiye na akiba hana la kuuza. Miezi hiyo pia ni ya upepo mkali kutoka kusini, na mtu wa kwetu asiyejua ziwa asikubali kupanda mtumbwi wa motere kwa sababu tu ni wa bei nafuu. Mikebuka na kuhe hatukuziangalia sana; zinaoza upesi, si kazi yetu.

Bamama wa soko walituambia, na wana haki, kwamba depo ya juu italeta matumizi ya puspus kila siku. Tulihesabu pamoja nao pale Kalemie, gunia kwa gunia. Puspus inakula faida, lakini inakula kidogo kidogo, na siku ambayo hakuna mzigo haili kitu. Maji yakija yanakula mara moja gunia zote, mizani, na nyumba.

Jibu letu basi. Lupango la tatu tusilinunue, hata mwenye kuuza akipunguza tena. La pili ni zuri lakini karatasi zake zina majina mawili ya wenyewe, na sisi tuliorudi tumekwisha kuona mashitaka ya kutosha juu ya ardhi. La kwanza, la juu, mwenyewe hauzi ila anakubali kupangisha hangari iliyo tayari, yenye msingi wa mawe. Tunapendekeza kupangisha mwaka mmoja, bila kujenga kitu. Pesa ya kujenga ibaki katika sanduku.

Kuna jambo gumu la mwisho. Familia sita za chama chetu zina ndugu waliorudi kutoka Kigoma na kujenga kule chini, kwa mabati waliyopewa na kwa jasho lao. Tuliwatembelea wote. Nyumba mbili zimeachwa. Nne bado zina watu, na mashimo ya choo yao yanajaa maji kila mvua. Hawawezi kuuza, nani atanunua? Walituuliza kama chama kitawasaidia kupanda juu, na hatukuwaahidi kitu, ju hatukutumwa kuahidi. Lakini tunaweka ombi lao mbele yenu leo, na mbele ya wafadhili watakaosoma. Kupangisha hangari badala ya kununua lupango kunabakiza pesa. Sehemu ya pesa hiyo inaweza kuanza na zile nne. Wengine mtasema pesa ya biashara isichanganywe na pesa ya msaada. Jadilianeni; katika komite pia hatujakubaliana.

Karatasi ya mwenye hangari iko kwa katibu, anangoja jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Picha za mstari kwenye ukuta tumeziweka mezani pale nyuma, pamoja na ramani tuliyoichora kwa mkono. Mwenye kutaka kuuliza juu ya bei za gunia amuone mweka hazina. Ya mto na vilima, aje kwetu.